Nunda na Mkaa Jikoni: Shujaa na Adui wa Nyumba Moja

Miongoni mwa ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870, imo hadithi ya Sultani Majinuni. Yajulikana zaidi kwa ajili ya nunda, mla watu, ambaye aghalabu huhesabiwa kuwa adui mtupu asiye na asili ila uovu. Hukumu hiyo haitokani na ngano yenyewe.

Nunda hakutoka mwituni. Alikuwa paka wa sultani. Alipokamata ndama watu walishtaki, naye sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Wanyama wengine wakafuata, wadogo kwa wakubwa, na jawabu lisibadilike. Hata alipoanza kula watu hakuadhibiwa. Ni siku ile alipowaua wana watatu wa sultani ndipo baba alipokiri kuwa huyo si paka tena.

Katika nyumba hiyo hiyo alikulia mwana wa saba, aitwaye Mkaa Jikoni katika masimulizi aliyoyachapisha George W. Bateman, Chicago, mwaka 1901. Jina lenyewe ni dharau. Ndiye aliyejitia mchanga kinywani ili usingizi usimshike alipolinda mtende wa baba yake, na ndiye aliyekwenda kumtafuta nunda. Kila alipoua mnyama alidhani amempata, na mama yake akamwambia siye. Basi mmoja aliharibiwa kwa kudekezwa, mwingine alitiwa jeraha kwa kudharauliwa, na mlezi wao ni mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini Mkaa Jikoni hakukua alivyolelewa, na hapo ndipo ulipo ushujaa wake.

Jambo hili lafaa kupimwa leo, kwani watoto wa Mji Mkongwe na wa mashamba hupata mashujaa pia katika katuni za televisheni, na yapo malalamiko kuwa katuni hizo huchanganya mwema na mwovu. Katika mfululizo wa Batman ulioanza Marekani mwaka 1992, shujaa ni mtu aliyeshuhudia wazazi wake wakiuawa angali mtoto. Rafiki yake Harvey Dent, mwendesha mashtaka, alimpiga utotoni mwenzake aliyemwonea, akaogopa hasira yake, akaifungia moyoni hata ikamgeuza mhalifu. Wote wawili walijeruhiwa utotoni. Kilichowatenga ni walivyolibeba jeraha.

Kwa hiyo mchanganyiko huo si mgeni Unguja. Tofauti ni kwamba katuni hutafuta chanzo ndani ya moyo wa mwovu, ilhali ngano hukitafuta kwa mwenye mamlaka juu yake. Nunda haonewi huruma, wala malezi yake hayafichwi.

Kasoro ya ngano ni kuwa sultani hahukumiwi. Hukumu imeachiwa majibu yake mwenyewe, yanayorudiwa mara kwa mara. Msimulizi anayeyafupisha ili kuwahi mapigano humbakishia mtoto mnyama wa kuogopwa tu, na kumnyima swali la nani aliyemlisha.