Nyatiti ya Ayub Ogada Ilivyoingia Filamuni

Mtu aliyeusikia wimbo wa Kothbiro wa mwanamuziki Ayub Ogada katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, awe Nairobi au London, aghalabu hudhani kwamba ulitungiwa filamu hiyo. Ilhali ulikwisha kurekodiwa mwaka 1976 na bendi ya Black Savage ya Nairobi, zama Ogada alipoitwa Job Seda, na ni rekodi hiyo ya kale ambayo Kanye West alichukua kipande chake kwa wimbo wake Yikes wa 2018.

Mwaka 1979 Ogada alishiriki kuunda African Heritage Band, kisha akaigiza katika Out of Africa (1985), na mwaka 1986 akahamia Uingereza, ambako alipiga nyatiti barabarani kwa riziki yake. Hapa ndipo nionapo chanzo cha ustadi wake. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, na kwa desturi mpigaji hukaa juu ya kigoda, amevaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, akiigonga kwenye ukingo wa ala huku akiimba, hata nyuzi, mdundo na sauti vikatoka kwa mtu mmoja. Mhamiaji asiye na bendi hangeweza kupata ala iliyomfaa zaidi.

Basi alipourudia wimbo wa Kothbiro katika albamu ya En Mana Kuoyo (1993), iliyotolewa na Real World, aliuvua msukumo wa dramu na gitaa, akabakiza mfuatano mfupi wa nyuzi unaojirudia, na sauti ya upole isiyopania kumshinda mtu. Kwa mhariri wa The Constant Gardener hiyo ni neema kubwa, maana muziki usio na kilele waweza kuingizwa na kukatizwa popote bila jeraha, na maneno yasiyofahamika kwa watazamaji wengi hayagombani na mazungumzo ya waigizaji. Alberto Iglesias, Mhispania aliyetunga muziki wa filamu hiyo, aliteuliwa kuwania Oscar, nami sioni vibaya. Lakini katika albamu ya filamu hiyo zimo pia Kothbiro na Dicholo za Ogada, na sifa yake isimezwe na ya Iglesias.

Ajuaye Kijaluo, zaidi ya hayo, husikia katika Kothbiro onyo la mvua inayokuja na watoto wanaohimizwa kurudisha ng'ombe nyumbani, kwa hiyo huitazama filamu ileile akiwa na habari ambayo wenzake hawakupewa.