Tarzan na Deni la Kongo

Tarzan, shujaa wa Edgar Rice Burroughs aliyetokea kwanza katika jarida la bei nafuu mwaka 1912, alirejeshwa Kongo katika filamu ya David Yates, The Legend of Tarzan (2016). Sifa ya filamu hiyo ni kuwaingiza watu wa kihistoria. Hata hivyo, humo Léon Rom, ofisa wa Leopold wa Pili, analiwa na mamba, ilhali kwa hakika alifia Ubelgiji mwaka 1924. George Washington Williams naye anapewa bunduki. Silaha yake halisi ilikuwa barua ya wazi kwa mfalme, aliyoiandika Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1890. Riwaya pendwa humtaka shujaa ashinde. Historia haina sharti hilo. Mtazamaji wa Gety, huko Ituri, anajua kwamba haki hailetwi na mamba.