Katizo Likiingia Hapa, Je?

Prosesa hujihesabia kazi zake yenyewe. Ndani yake mna rejesta chache zinazohesabu mizunguko ya saa, maagizo yaliyokamilika, na mara ambazo data ilitafutwa kwenye kache ikakosekana. Katika kiini cha Linux, mgawaji wa vihesabio hivyo ni perf, kazi iliyoanzishwa na Thomas Gleixner na Ingo Molnar mwishoni mwa 2008 na kuingia katika toleo la 2.6.31 mwaka uliofuata. Waandishi wake husifiwa, na ni haki yao. Mimi huwastahi zaidi wanaoyasoma mabadiliko ya msimbo huo kabla hayajapokewa.

Kihesabio hupanda tu, hakishuki. Ukitaka kikushtue baada ya matukio 100,000, unakianzisha kwenye hasi 100,000. Kikifika sifuri kinafurika na prosesa inakatizwa. Ni ufundi mzuri, na ugumu unaanzia hapo. Kwenye prosesa za x86, katizo hilo kwa kawaida ni la aina isiyozuilika: huingia hata pale kiini kilipokwisha kuzima makatizo ya kawaida. Tuseme msimbo umeshika kufuli, katizo likaingia, na msimbo wa katizo nao ukalitaka kufuli lilelile. Prosesa itabaki inajisubiri yenyewe bila mwisho. Kwa hiyo msomaji haridhiki kwamba mistari ni sahihi ikifuatana. Anasimama baina ya mstari na mstari, anauliza: katizo likiingia hapa, litakuta nini? Kihesabio kimeshasimamishwa? Thamani ya zamani imeshahifadhiwa? Kisha anashuka mstari mmoja, anauliza tena yaleyale. Kiraka cha mistari mitano kinaweza kumla asubuhi nzima, na asubuhi hiyo haijapotea.

Gharama ya kupitwa na jambo dogo ilionekana 2013. Nambari ya tukio hutoka kwa mtumiaji ikiwa na biti 64, lakini perf_swevent_init, sehemu ya msimbo wa perf, iliipokea kama int, yaani biti 32 zenye alama ya hasi au chanya. Ukaguzi uliofuata uliuliza tu kama nambari imezidi kikomo. Hasi ikapita salama, ikaelekeza nje ya safu, na mtumiaji wa kawaida akaweza kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Dosari hiyo ilikuwamo tangu toleo la 2.6.37. Tommi Rantala aliigundua kwa msaada wa Trinity, programu inayokirushia kiini maombi ya kubahatisha. Tiba ilikuwa kubadilisha int kuwa u64. Nikiutazama mstari ule wa zamani naona jinsi ulivyo wa kawaida, na nazidi kuwaheshimu wanaokataa kuupita mstari wa kawaida.

Ufundi huu huacha alama kwenye msimbo wenyewe. Fungua faili la ring_buffer.c la perf: juu ya mistari inayomkabidhi mtumiaji data, kuna maelezo yaliyochorwa kwa safu mbili, kiini upande mmoja, mtumiaji upande wa pili. Hatua zimepewa herufi, na chini yake imeelezwa kwamba A inaoana na D, na B na C, ili pasiwe na upande unaosoma kitu ambacho mwenzake hajamaliza kukiandika. Anayetaka kuigusa mistari ile, hata kwa kuhamisha mmoja tu, huulizwa kwanza mchoro huo utasomekaje baada ya mabadiliko yake.