Anayetangulia Kwenye Mchanga

Mchanga wa Chumbi haushindwi kwa nguvu. Kijana mwenye mapaja mazito anaweza kukanyaga pedeli mpaka mishipa ya shingo imsimame, na bado gurudumu la mbele likazama, usukani ukapinda, akajikuta ameweka mguu chini huku mzee mwenye mvi anampita polepole na gunia lake kwenye keria. Baiskeli ya mzee haina gia. Ni ile ya fremu nzito iliyotoka China au India, breki zake za vyuma zimeshalegea, na tairi hazikujazwa upepo sawasawa. Hilo la upepo ni makusudi: tairi iliyolegea kidogo hujitandaza juu ya mchanga, iliyojaa sana huchimba. Macho ya mzee hayapo kwenye gurudumu. Yapo mbele, pale mchanga unapobadilika rangi, kwa kuwa penye weupe wa kung'aa ni palaini, na penye weusi kidogo au mizizi ya nyasi tairi hupata pa kushika.

Huo ni ufundi wa mtu na baiskeli yake, nao peke yake unastahili sifa. Ninaoupenda zaidi ni ule unaojengwa juu yake: ufundi wa kuendesha baiskeli mbele ili mwingine, asiyeijua njia, apite salama nyuma yako.

Chumbi ipo wilayani Rufiji, kusini mwa mto, kwenye barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi. Ukitokea kaskazini unaiacha Ikwiriri, unavuka Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970, kisha unaendelea kusini. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, watu na magari walivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na msafiri alipanga siku yake kwa kuuliza kwanza habari za mto. Siku hizi lami imeleta mabasi na malori, na pikipiki zimewachukua abiria waliokuwa wakibebwa kwa baiskeli. Ila lami ni moja tu. Ukiiacha, unaingia kwenye vijia vya mchanga kati ya mikorosho, halafu ardhi inashuka taratibu na udongo unageuka kuwa mfinyanzi mweusi wa bonde, kwenye mpunga na mahindi. Huko pikipiki inakula mafuta na kukwama. Baiskeli, ikishindikana kuipanda, inabebwa begani.

Kule Ulaya ufundi huu wa kumtangulia mwingine una soko lake. Theluji ikiyeyuka kwenye milima ya Alps, viti vya kamba vilivyokuwa vikiwapandisha watelezaji wa majira ya baridi hupandisha baiskeli. Eneo la Portes du Soleil, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, lenye miji kama Morzine na Les Gets, hujaa waendeshaji kiangazi chote. Wengine huuzunguka mlima Mont Blanc kwa siku kadhaa, safari ya kilomita zipatazo 170 inayopita Ufaransa, Italia na Uswisi. Wengi wao hawaendi peke yao. Wanamlipa kiongozi, naye anachagua njia inayolingana na uwezo wao, anatazama mawingu, anabeba vipuri na dawa, na anahakikisha jioni wamefika wote walioondoka asubuhi. Ni kazi yenye mizizi: waongozaji wa kupanda milima wa Chamonix waliunda chama chao mwaka 1821, na leo Ufaransa haimruhusu mtu kuongoza watu kwa baiskeli milimani kwa malipo bila cheti kinachotambuliwa na serikali. Nawaheshimu watu hao. Nikisoma namna wanavyoifanya kazi yao, namwona mzee wa Chumbi katika kila hatua.

Nilipoomba kufuatana na mzee mmoja wa Chumbi kwenda mashamba ya bondeni, hakuniuliza kama najua kuendesha. Baada ya shikamoo na marahaba aliinama kwenye baiskeli yangu, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akafungua kofia ya vali na kuachia upepo.

“Hii umeijaza kwa ajili ya lami, mwanangu.”

Kisha akaufungua mkoba wangu kutoka kwenye keria na kuufunga upya, chini zaidi, kwa vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mzigo ukikaa juu, baiskeli inayumba kabla mwenyewe hajayumba. Akaniuliza kama nimekula. Akaniambia ninywe maji pale pale, nisingoje kiu. Ilikuwa bado saa kumi na mbili na nusu asubuhi na jua halijakaza, ila yeye alikuwa anaifikiria saa tano, mchanga utakapoanza kurudisha joto kutoka chini. Kiongozi wa Alps naye huwatoa watu wake mapema, kwa sababu nyingine: kiangazi, ngurumo na mvua za milimani hupenda kushuka alasiri, na hakuna anayetaka kukutwa na radi kwenye kilele kisicho na mti.

Tulipoondoka nilitarajia atakuwa anageuka kunitazama. Hakugeuka. Nilichelewa kugundua kwamba alikuwa ananisikiliza. Mnyororo wangu ulikuwa unalia kidogo, madigadi ya nyuma inagonga, na pumzi zangu zinasikika. Nikianza kuhema, mwendo wake unapungua bila kunitangazia kwamba nimechoka. Nikizama kwenye mchanga, sauti ya madigadi inakatika, naye anashuka na kuanza kukagua mnyororo wake kana kwamba alikuwa na shughuli nao, mpaka nijinasue. Kumpunguzia mtu mwendo bila kumpunguzia heshima ni jambo ambalo sijui linafundishwaje, na nadhani ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii.

Penye mchanga mzito alinyoosha kiganja cha kushoto chini, nami nikajua niache kukata kona. Mahali pamoja alishuka mapema, kabla hajazama, akasukuma hatua chache na kupanda tena, wakati mimi nilijaribu kupita nikakwama katikati. Anayeshuka mwenyewe anaanza upya kwa utulivu. Anayeangushwa anaanza upya akiwa na hasira, na hasira hushika usukani kwa nguvu.

“Legeza mikono. Baiskeli inajua kwenda, wewe unaizuia.”

Kwenye kona zilizofunikwa na majani alipiga kengele mapema, kwa kuwa upande wa pili huenda kuna mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Alimsalimu kila mtu tuliyekutana naye, na salamu zile zilikuwa pia kazi: katika kila “habari za huko” alipokea taarifa za njia, wapi mti umeanguka, wapi maji bado yamesimama. Tulipokaribia nyumba iliyokuwa na msiba, watu wamekaa mikekani nje, alishuka kwenye baiskeli, nami nikashuka, tukapita kwa miguu tukitoa pole. Mgeni anayeongozwa vibaya angeipita nyumba ile kwa kasi na kubaki na jina baya kijijini bila kujua kwa nini. Kule Alps, watembea kwa miguu hupishwa, na mageti ya malisho hufungwa tena baada ya kupita ili ng'ombe wasitoke. Kiongozi ndiye anayebeba adabu ya msafara wote.

Pwani yetu iliujua wadhifa huu zamani sana. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na Kilwa kwenda bara ilikuwa na kirongozi, aliyetangulia na bendera mbele ya wapagazi. Njia zilipogawanyika, aliifunga ile isiyotakiwa kwa kuweka vijiti au majani, au kwa kuchora mstari mavumbini, ili wa nyuma kabisa, ambaye huenda yuko mbali na amechoka, asipotee. Mzee wangu alifanya vivyo hivyo kwenye njia panda ya pili: alivunja tawi akalilaza kwenye kijia cha kulia. Tulikuwa wawili tu, nami nilikuwa namwona. Alilifanya kwa sababu ndivyo linavyofanywa.

Bonde ndilo linalompima kiongozi. Kule Alps njia nyingi zimepewa madaraja ya ugumu. Kuna kipimo kinachoanzia S0, njia laini, mpaka S5, ngazi za miamba zinazowashinda karibu wote. Huku ugumu hauandikwi kwenye kibao kwa sababu haukai mahali pamoja. Njia ambayo mtoto anaipita mwezi Agosti inaweza kuwa chini ya maji mwezi Aprili. Mwaka 2024 mafuriko yaliingia Muhoro na vijiji vingine vya Rufiji, yakafunika mashamba na nyumba. Maji yanapopungua watu hufuata unyevu na kupanda mlau, na njia huzaliwa upya, wakati mwingine pembeni kabisa ya ile ya zamani. Tangu Desemba 2022, lilipoanza kujazwa maji bwawa la Julius Nyerere huko juu, mto unafika bondeni ukiwa umepitia mikononi mwa watu. Wazee waliokuwa wakikisia maji kwa mwezi na mvua wanalazimika kujifunza mto wao tena, na ninawastahi kwa kukubali kujifunza katika umri huo.

Halafu kuna viboko. Usiku hutoka majini kwenda kula nyasi, na kwa kupita pale pale mwaka baada ya mwaka huacha njia yenye mifereji miwili na tuta katikati. Kwa mwenye baiskeli aliyechoka na nyasi ndefu, ile ndiyo njia nzuri kuliko zote: ngumu, safi, inateremka taratibu kuelekea majini. Mzee alinionyesha moja kwa kidevu, hakuinua hata mkono. Kwa sababu ya viboko hao, jua likianza kuinama hakubali kukaa bondeni hata kwa chai.

Kwenye mfinyanzi mweusi wenye unyevu ufundi hubadilika tena. Tope hupanda na tairi, likajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Baiskeli yake haikuwa na madigadi hata moja, na kwenye fremu alikuwa amechomeka kijiti cha kukwangulia. Yangu tulisimama kuikwangua mara nyingi mno, kisha akatoa spana na kuifungua ile madigadi ya nyuma iliyokuwa inagonga. Baadaye mwiba ukaniingia. Alitoa tyubu, akajaza upepo, akaizamisha kwenye dimbwi na kufuata mapovu, akakwangua kwa msasa, akapaka solusheni na kukaa. Hapo ndipo wengi hukosea, wanabandika kiraka kabla gundi haijakauka juu. Yeye aliigusa kwa mgongo wa kidole mpaka ikaacha kunata. Kiraka chenyewe kilikatwa kwenye tyubu kuukuu, na kingo zake zilikuwa zimeparwa zikawa nyembamba ili zisije zikanyanyuka.

Mtu anaweza kudhani baiskeli za namna hii ziko mbali na zile za Alps, zenye springi mbele na nyuma na breki za mafuta. Ukoo wao ni mmoja. Mchezo wa baiskeli za milimani ulichipukia California katika miaka ya 1970, kwa vijana waliookota baiskeli nzito za kizamani, nyingi zenye gia moja, na kuziteremsha kwenye vumbi la mlima Tamalpais. Mashindano yao yaliyoanza 1976 yaliitwa Repack kwa sababu breki iliyokuwa ndani ya gurudumu la nyuma ilipata moto mpaka grisi ikaungua, na kila baada ya mteremko ilibidi ipakwe upya. Fundi yeyote wa Chumbi angeielewa shida ile na angejua pa kuanzia.

Afrika Mashariki pia imeshampeleka Alps mtu aliyefunzwa kwa kufuata gurudumu la aliyemtangulia. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alipokuwa kijana alifuatana na David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya aliyekuwa na nyumba yake Mai-a-Ihii, Kikuyu, ambako vijana wa jirani walijifunza kuendesha na kutengeneza baiskeli. Froome alikuja kushinda Tour de France mara nne. Mei 2018, kwenye mashindano ya Italia, alishambulia akiwa na kilomita zipatazo 80 mbele yake, kwenye sehemu ya juu ya Colle delle Finestre ambayo haina lami, akawaacha wote na hatimaye akatwaa ubingwa. Sisemi kwamba vumbi la Kikuyu ndilo lililoshinda siku ile. Nasema kwamba Kinjah alimchukua mtoto, akatangulia, na akampa njia mpaka yule mtoto akaweza kumpita.

Wageni wengi wanaopita Chumbi wako ndani ya magari, macho yao yako Kilwa. Ningependa baadhi yao washuke, na ningependa zaidi wenzetu wa Dar es Salaam wenye baiskeli nzuri zinazozunguka kwenye lami ya mjini Jumapili washuke. Waje kuanzia Julai hadi Oktoba, bonde likiwa limekauka, na tairi pana. Wamtafute fundi wa baiskeli wa mahali hapo, wamuulize nani anayejua njia za bondeni, na wapatane bei kabla ya kuondoka. Walipe siku nzima hata kama safari itaisha saa sita mchana, kwa kuwa mzee naye ana shamba lake aliloliacha bila mtu wa kulilinda.