Reli Ilipita, Mwenye Ardhi Hakupewa Nafasi

Mel Brooks alikosea. Nalisema mapema ili mpenzi wa filamu yake, Blazing Saddles, asije akadai nimemvizia. Kaboi ile ya vichekesho ya 1974 ilimvika mtu mweusi nyota ya sherifu na kumfanya ndiye steringi, jambo kubwa kwa zama zake. Kisha Brooks mwenyewe akajipaka rangi, akavaa manyoya, akaigiza chifu wa Wasioux. Hapo ndipo alipoitia doa kazi yake.

Mnaikumbuka sehemu hiyo. Bart, yule sherifu, anasimulia utoto wake. Msafara unashambuliwa, wazungu wanapanga magari yao duara na kuikatalia familia yake isiingie, nayo inazunguka peke yake na gari lake moja. Kejeli hiyo ni kali na imempata aliyelengwa. Kisha anakuja chifu, anawatazama, anasema Kiyidi, anawaachia waende zao. Hana jina, hana haja yake, na harudi tena.

Watetezi husema Brooks aliikejeli Hollywood, iliyozoea kuwapa wazungu nafasi za Wahindi Wekundu. Siikubali hoja hiyo. Mtazame Bart anapojielekezea bastola na kujiteka nyara mwenyewe. Tunauona upumbavu wa mji wake, Rock Ridge, kwa macho yake, na wanaochekwa ni wenye mji. Chifu hakupewa macho hayo. Utani wake unamfaa anayejua Kiyidi. Msioux aliyekata tiketi anaona tu sura yake imevaliwa na mwingine, kama ilivyovaliwa miaka yote.

Na waigizaji Wahindi Wekundu walikuwepo. Chief Dan George aliteuliwa kuwania Oscar kwa Little Big Man ya 1970, na mle alichekesha bila kushusha heshima yake hata chembe. Brooks tayari alikuwa na nafasi ya Gavana Lepetomane. Ya pili ilikuwa ya nini?

Cleavon Little kama Bart, Gene Wilder na Madeline Kahn walifanya kazi safi. Richard Pryor, mmoja wa waandishi, alistahili kuwa Bart mwenyewe, studio ikamkataa. Hilo nalo sijalisamehe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba filamu hii ni hadithi ya reli na ardhi. Sisi wa Jomvu Kuu, Mombasa, tunaijua hadithi hiyo. Reli ya kwenda bara ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 kwa mikono ya maelfu ya vibarua walioletwa kutoka India. Mwaka 2017 ikaja reli mpya ya SGR, na kituo chake kikawekwa Miritini, hapa jirani. Brooks aliwakumbuka weusi na Wachina waliotandaza reli, hata akawapa haki ya ardhi Rock Ridge. Mwenye ardhi wa kwanza akaigizwa na mgeni. Mjomvu, ambaye taifa lake ni moja kati ya Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, anaujua uchungu huo: kwenye vichekesho vya Nairobi Mpwani ni mganga au mvivu, na Kiswahili chake kinaigwa na mtu asiyewahi kulala huku. Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema.

Nitaambiwa Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu na Ojwang' ni Mjaluo. Kweli. Lakini Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi alikuwa na jina, na nyumba, na Mama Kayai wa kumjibu neno kwa neno. Wanjau aliishi ndani ya lafudhi ile miaka na miaka, hadi watazamaji wengi wakaamini ni Mjaluo wa kuzaliwa. Hadi anafariki mwaka 2015 alikuwa ameibeba nafasi hiyo kama dhamana. Brooks alimwazima chifu kwa dakika chache, akamrudisha mtupu.

Basi mtayarishaji anayekuja kupiga picha huku kwetu, akihitaji mzee wa Jomvu, amtafute Jomvu. Ampe jina, ampe haja yake katika hadithi, na kicheko kikubwa cha onyesho kitoke kinywani mwake.