Pongezi kwa Mkaguzi wa Viwanda

Miongoni mwa watumishi wa umma wastahilio shukrani zetu, ingawa ni nadra kutajwa, ni wakaguzi wa viwanda, ambao asili ya kazi yao ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1833, iliyoweka wakaguzi wanne tu kwa nchi nzima na kuwapa idhini ya kuingia kiwandani pasipo kungoja hisani ya mwenye mali. Sheria ya 1844 ikaongeza sharti la kukinga mitambo, iliyokuwa ikinasa nguo na viungo vya wanawake na watoto.

Mtazame mkaguzi hodari katika kiwanda cha mkonge: haanzi na daftari, bali husimama kando ya korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, akaangalia vidole vya mlishaji vinafika wapi, na kama kimo cha meza kinamlazimu kuinama kutwa, kisha huuliza swichi ya kuzimia i umbali gani. Elimu hiyo naitukuza mno, kwani huitambua ajali kabla haijatokea. Wala hakubali udhuru kwamba mfanyakazi alighafilika, maana kughafilika ni tabia ya binadamu, na mashine ndiyo ipasayo kurekebishwa. Huacha amri yake kwa maandishi, naye akirudi, hurudi bila ya taarifa.