Nani Anamsimulia Arteta?

Mhakiki wa riwaya ana bahati moja: msomaji akikasirika, hukasirika peke yake chumbani kwake. Anayehakiki filamu ya mpira hapa Kampala hana bahati hiyo. Hukumu hutolewa kwa sauti, filamu ikiwa bado inaendelea, na aliyeketi nyuma yako anamjibu aliyeketi mbele. Katika makala haya nataka kuwachukua watu hao kama wahakiki, kwa sababu mengi niliyoyaona kwenye filamu yenyewe niliyaona baada ya wao kupiga kelele.

Filamu ni All or Nothing: Arsenal, mfululizo wa sehemu nane uliotoka kwenye Prime Video Agosti 2022. Kamera zilikaa na klabu msimu mzima wa 2021/22. Msimu ulianza kwa aibu ya kupoteza mechi tatu za kwanza za ligi, dhidi ya Brentford, Chelsea na Manchester City, hiyo ya mwisho kwa mabao 5-0. Ukaisha vibaya Mei 2022: 3-0 kwa Tottenham, siku chache baadaye 2-0 kwa Newcastle, na nafasi ya tano kwa pointi 69, mbili tu nyuma ya Tottenham haohao waliokwenda Ligi ya Mabingwa. Hakuna shabiki aliyeketi kuitazama bila kujua mwisho wake. Hapo filamu inafanana na utenzi. Msikilizaji anajua tangu mwanzo kwamba shujaa ataanguka, na hukaa ili asikie anavyoanguka. Taharuki inatoka kwa mhusika, si kwa tukio, na mhusika mkuu hapa si timu. Ni kocha, Mikel Arteta.

Niliitazama mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti ileile, katika kibanda cha video upande wa Wandegeya, kutoka kwenye flashi iliyojazwa katika duka la kukopia filamu. Sikumjua yeyote pale mwenye akaunti ya Prime Video, na sitajifanya kuwa nalihuzunikia jambo hilo. Mara ya pili ilikuwa mwaka uliofuata, ligi ilipokwisha, na baadhi ya watu walewale.

Wasomaji wa Kampala hawahitaji kuelezwa kazi ya VJ. Kwa wenzetu wa mbali, VJ ni mtu anayetafsiri filamu kwa Kiganda huku inaendelea, akiongeza mzaha, onyo na ushauri ambao mwandishi wa filamu hakuufikiria. VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana mitaani kuliko waigizaji wengi wanaowatafsiria. Flashi yetu haikuwa na VJ. Basi fundi mmoja wa pikipiki, jezi yake nyekundu imepauka mabegani, akajipa kazi hiyo mwenyewe.

Arteta hupenda kuchora. Katika onyesho moja anachora moyo na ubongo vimeshikana mikono, akitaka wachezaji wake wacheze kwa vyote viwili. Kiingereza si lugha yake ya kwanza, na nadhani ndiyo maana huegemea picha pale ambapo kocha mwingine angehutubia. Wanafunzi wenzangu walioisikiliza kwa Kiingereza walimwita mwalimu wa chekechea. Fundi alitafsiri kwa utulivu: omutima n'obwongo. Hakuna aliyecheka kibandani. Mwanafunzi wa Kiswahili husita kidogo hapo, kwa kuwa mtima tunao hata sisi, umehifadhiwa na washairi, na ubongo hauhitaji mkalimani. Picha iliyoonekana ya kitoto katika lugha moja ilipata uzito wa methali ilipoingia lugha nyingine. Sidhani mtayarishaji yeyote alilipanga hilo. Lakini tunapofundishwa kwamba maana hukamilishwa na mpokeaji, mfano wangu sasa ni huu.

Si kila picha iliokolewa na tafsiri. Kabla ya safari ya Anfield mnamo Novemba 2021, Arteta aliweka vipaza sauti kwenye uwanja wa mazoezi na kuwapigia wachezaji wimbo wa mashabiki wa Liverpool, ili masikio yazoee. Mechi ikaisha 4-0. Kibanda kizima kilicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Kijana mmoja alisema angemwelewa kocha kama angeleta spika pamoja na beki.

Kisha kuna sauti ya msimulizi. Ni ya Daniel Kaluuya, mwigizaji aliyezaliwa London kwa wazazi Waganda, mshindi wa Oscar mwaka 2021 na shabiki wa Arsenal. Jina lake lilipotajwa watu walipiga makofi, kana kwamba timu imesajili mchezaji kutoka Kampala. Nami nilifurahi. Lakini msimulizi, tuliambiwa mwaka wa kwanza, si mwandishi, na wala si shahidi. Sauti ina asili ya hapa. Jicho linatazama kutoka London Kaskazini. Tena ni jicho la mpenzi wa klabu, katika filamu iliyowezekana kwa sababu klabu yenyewe ilifungua mlango. Usimulizi wa namna hiyo hauhitaji kusema uongo ili kuegemea upande mmoja. Unahitaji tu kuchagua nani aketi mbele ya kamera na kueleza.

Hilo lilidhihirika katika kisa cha Pierre-Emerick Aubameyang, na hapa ndipo kibanda kiligawanyika kweli. Tarehe 14 Desemba 2021 klabu ilitangaza kwamba Mgabon huyo amevuliwa unahodha kwa kukiuka nidhamu. Iliripotiwa wakati huo kwamba alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda Ufaransa kwa ajili ya mama yake mgonjwa, akachelewa kurudi. Kufikia mwanzo wa Februari alikuwa mchezaji wa Barcelona. Katika filamu tunamsikia Arteta akieleza kwamba haikuwa mara ya kwanza, na kwamba makosa yote ameyaandika, yamehifadhiwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyowasha moto. Kundi moja lilishangilia: huyu ndiye kiongozi, hamwogopi mtu anayelipwa kuliko wengine wote, na timu yenye vijana kama Saka na Smith Rowe haiwezi kulelewa na nahodha anayechelewa. Walikuwemo walimu wawili katika kundi hilo, na nadhani walikuwa wakizungumzia shule zao. Kundi la pili halikutetea uchelewaji. Lilitetea safari. Mama ni mama, alisema mzee mmoja, na mtu anayeweka daftari la makosa yako amekwisha kuamua kukufukuza, anangoja tu kurasa zijae. Fundi wetu aliacha kutafsiri kabisa. Aliuliza swali ambalo sijaliona likiulizwa vizuri zaidi katika uhakiki wowote nilioandika au kusoma darasani: kama kocha anasema yameandikwa, mbona hatusomewi? Na mwenyewe mshtakiwa anasema wapi?

Nilijaribu kumjibu kwamba filamu haiwezi kuonyesha yote. Ni kweli, na ni jibu dhaifu. Filamu hii ina nafasi ya kuonyesha michoro, vipaza sauti, na hata mpiga picha wa klabu akipewa nafasi ya kuwasemesha wachezaji kabla ya mechi ya Tottenham, onyesho zuri sana kwa maoni yangu. Ilikuwa na muda. Ilichoamua ni kwamba katika kisa hicho uzito wa maelezo ubaki kwa kocha, na mchezaji awe mada inayozungumzwa. Katika istilahi zetu, Aubameyang anahamishwa kutoka kuwa mhusika na kuwa kikwazo katika safari ya mhusika. Mzee hakuwa na istilahi hiyo, wala hakuihitaji.

Msimu wa 2022/23 Arsenal waliongoza ligi kwa muda mrefu, wakamaliza wa pili kwa pointi 84 nyuma ya Manchester City wenye 89. Tulipoitazama filamu tena, ilikuwa kana kwamba mtu ameihariri. Moyo na ubongo ulikuwa sasa ushahidi wa akili kubwa. Vipaza sauti vya Anfield vilipata watetezi: alikuwa anajenga, mlikuwa hamuoni. Kijana wa spika na beki alikana kwamba aliwahi kusema maneno yale. Hakuna hata picha moja iliyokuwa imebadilika. Jedwali la ligi ndilo lililobadilika, nalo likarudi nyuma na kuandika upya maana ya kila onyesho. Mtu anaweza kusema basi mashabiki si wahakiki, ni bendera zinazofuata upepo wa matokeo, na kwa sehemu kubwa ya filamu singebishana naye.

Lakini tulipofika Desemba 2021, pointi 84 hazikusaidia kitu. Walimu walikuwa bado upande wa kocha, mzee bado upande wa mama, na kila mmoja alirudia hoja yake karibu neno kwa neno. Fundi alikuwa amenyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama mama yule alipona. Hakuna aliyekuwa na jibu, na filamu ilikuwa imeshasonga mbele.